Jaji Naye Anaomba Kura

Mwaka 1996 watazamaji wa TV katika jimbo la Alabama, Marekani, walionyeshwa kicheche. Alikuwa kicheche mwenyewe, na michirizi yake myeupe mgongoni. Mara sura yake ikaanza kuyeyuka, ikageuka kuwa sura ya Harold See, profesa wa sheria aliyekuwa akiwania kiti katika Mahakama ya Juu ya jimbo. Sauti ikasema kuna vitu vinavyonuka hata ukiwa mbali. Tangazo hilo halikutoka kwa mhuni wa mtaani. Lilitoka kwenye kampeni ya Kenneth Ingram, jaji wa mahakama hiyohiyo, akitetea kiti chake. Ingram alibwagwa, profesa akaapishwa.

Mjomba wangu wa Korogwe nikimsimulia haya anadhani namfanyia mzaha. Kwetu jaji anateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, anaapishwa Ikulu, picha inatoka gazetini, basi. Mwananchi atamjua siku akipata kesi, na akibahatika hatamjua kabisa. "Sasa huyo jaji wa kura," mjomba huniuliza, "akikutana mahakamani na mtu aliyemnyima kura inakuwaje?" Ni swali zuri, na Wamarekani wenyewe wamebishana juu yake kwa karibu miaka 200.

Nchi ile ina mahakama za aina mbili. Majaji wa shirikisho wanateuliwa na Rais, Seneti inawathibitisha, na wakishakaa hawang'oki kirahisi hadi wachoke wenyewe au wafe. Lakini kesi nyingi mno, za wizi, talaka, ulevi barabarani, mirathi na mauaji, ziko kwenye mahakama za majimbo, na huko majimbo mengi huwapitisha majaji kwenye sanduku la kura kwa namna moja au nyingine. Mississippi ilianza mwaka 1832 kwa kuwachagua majaji wake wote, New York ikafuata na katiba yake ya 1846, na baada ya hapo ikawa kama moto wa nyika. Hoja ya wakati ule haikuwa ya kipuuzi. Majaji wa kuteuliwa walionekana ni watu wa gavana na wa vigogo wa chama, na wananchi wakaona bora jaji amtegemee mpiga kura kuliko amtegemee bwana mkubwa mmoja. Hakuna aliyefikiria kwamba siku moja kutakuwa na TV.

Mimi ni mkalimani wa mahakama hapa Milwaukee, jimbo la Wisconsin. Wengi ninaowatafsiria ni Wakongo wa Kivu waliokaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa huku. Kesi za watu sizisimulii, kiapo kinanifunga, ila kazi ya jaji inafanyika mlango ukiwa wazi na yeyote anaruhusiwa kuingia kuiangalia.

Chukua siku ya kawaida ya mtu anayekiri kosa. Anasimama mbele, wakili wake kando, mimi nyuma kidogo ya bega lake. Jaji anamuuliza ana umri gani. Amesoma mpaka darasa la ngapi. Leo amemeza dawa yoyote? Kuna mtu amemtisha au amemwahidi kitu ili akiri? Anaelewa kwamba akikiri anaacha haki ya kusikilizwa na baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoamua kama ana hatia, haki ya kuwahoji mashahidi, haki ya kunyamaza? Kisha lile onyo ambalo sheria ya Wisconsin inamlazimu alitamke: kama wewe si raia, kukiri kwako kunaweza kukufukuzisha nchini, kukuzuia kurudi, au kukunyima uraia. Hapo huwa nasikia pumzi ya mtu ikibadilika. Jaji naye huwa ameshaisikia. Majaji wazuri hunyamaza kidogo hapo, wanaangalia uso wa mtu, wanauliza tena kwa maneno mepesi. Wengine wanapitiliza kama kondakta anayetaja vituo. Halafu anaitwa mwingine, maswali yaleyale, mpaka saa sita.

Tofauti ya jaji mzuri na jaji mbovu nimeiona hapohapo, kwenye kile kimya kidogo. Sasa mpe mtu kamera na sekunde 30 akuonyeshe hicho kimya. Hawezi. Kwa hiyo anakuonyesha kitu kingine.

Kwanza anakuonyesha joho. Kisha bendera, kisha nyundo, ambayo mahakamani kwenyewe ni nadra kuisikia. Kisha familia mezani, mbwa, na pengine kanisa kwa mbali. Wisconsin kuna wakati hutakosa koti la kuwindia paa. Na karibu kila mara anakuja shefu wa polisi, mikono kifuani, akisema fulani ni mwenzetu, ni mkali kwa wahalifu. Mwaka 2012, North Carolina, kikundi kilichomuunga mkono Jaji Paul Newby kiliweka kabisa mpiga banjo, akaimba kwamba Newby ni jaji mzee mgumu na wahalifu wajihadhari. Watu walicheka, wakaimba nao, Newby akashinda. Leo ndiye Jaji Mkuu wa jimbo hilo.

Wimbo ule haunichukizi. Unachekesha, na angalau haumchafui mtu. Kinachonisumbua ni kwamba yule mwimbaji, bila kujua, alikuwa akimsifu mwendesha mashtaka. Kuwa mkali kwa wahalifu ni kazi ya aliyeleta mashtaka. Jaji kabla ya ushahidi hana mhalifu mbele yake, ana mshtakiwa. Lakini neno "mshtakiwa" halina mdundo wa banjo.

Ubaya wa jambo hili niliuelewa vizuri zaidi niliposoma habari za Louis Butler. Butler alikuwa Mwafrika Mmarekani wa kwanza kukaa katika Mahakama ya Juu ya Wisconsin, aliteuliwa na gavana mwaka 2004. Mwaka 2008 alilazimika kukitetea kiti chake dhidi ya Michael Gableman, jaji wa kaunti ya mashambani. Kampeni ya Gableman ikatoa tangazo lililoweka picha ya Butler kando ya picha ya mtu mwingine mweusi, mbakaji aliyekwisha hukumiwa. Maelezo yalikuwa mafupi: Butler alifanya kazi ya kuwarudisha wahalifu mitaani, huyu alimbaka mtoto wa miaka 11, Butler akapata mwanya wa kisheria, na mtu huyo akaenda kumdhuru mtoto mwingine.

Ukiangalia mara moja unaelewa kwamba jaji alimwachia mbakaji. Ukweli ni kwamba Butler wakati ule hakuwa jaji. Alikuwa wakili wa umma, aliyepewa kesi ya kumtetea mtu asiye na uwezo wa kulipa, kama sheria inavyotaka. Rufani ikafika Mahakama ya Juu, na mwishowe wakashindwa. Mteja hakutoka kwa sababu ya Butler. Alikaa gerezani hadi alipoachiwa kwa utaratibu wa kawaida, na kosa la pili akalifanya baada ya hapo. Kila sentensi ya tangazo ukiibana peke yake inaweza kusimama, ila zikipangwa vile zinasema uongo. Wasimamizi wa maadili ya majaji walimshtaki Gableman kwa tangazo hilo. Mwaka 2010 kesi ikafika mbele ya wenzake sita aliokuwa akikaa nao benchi moja, wakagawanyika watatu kwa watatu, ikafia hapo. Butler alikuwa ameshaondoka, jaji wa kwanza aliyekuwa madarakani kushindwa katika uchaguzi wa mahakama ile tangu 1967.

Kwa mtu anayekaa kila siku kando ya mawakili wa umma, hili ni zito. Wakili kijana anayemtetea mtu wetu leo huenda anajua kwamba jina la mteja huyu litamsubiri siku akitaka ujaji. Wenzake waliokuwa upande wa mashtaka hawana mzigo huo, kila kesi kwao ni picha nzuri ya kampeni.

Na jaji aliyeko kitini anajua pia. Watafiti wawili wa sayansi ya siasa, Gregory Huber na Sanford Gordon, walichambua hukumu za majaji wa Pennsylvania, matokeo wakayachapisha mwaka 2004: kadiri uchaguzi ulivyokaribia, ndivyo vifungo vilivyorefuka kwa makosa yaleyale. Sidhani kuna jaji anayeamka asubuhi akasema leo nitamwongezea mtu miezi sita kwa ajili ya kura. Haifanyiki hivyo. Inatosha awe amewahi kuona tangazo moja la mwenzake. North Carolina, mwaka 2014, Jaji Robin Hudson aliandamwa na tangazo lililodai kwamba hayuko imara dhidi ya wanaonajisi watoto. Kosa lake lilikuwa nini? Katika kesi moja aliandika maoni ya kutokubaliana na wenzake, kuhusu kama sheria mpya ya kuwavisha watu vifaa vya kuwafuatilia inaweza kurudi nyuma na kuwashika walioadhibiwa kabla haijatungwa. Swali hilo angeulizwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria. Kwenye TV likageuka kuwa jaji anayewahurumia wanajisi. Hudson alinusurika, akashinda.

Ukichunguza nani analipia matangazo haya utakuta jambo jingine: mada ya tangazo na shida ya mlipaji mara nyingi hazijuani. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa West Virginia. Kampuni ya makaa ya mawe ya Massey ilikuwa imeamriwa na baraza la mahakama kumlipa mfanyabiashara mdogo, Hugh Caperton, dola milioni 50. Rufani ikiwa njiani, mwaka 2004, mkuu wa Massey, Don Blankenship, akatumia kama dola milioni 3 kumsaidia Brent Benjamin amng'oe Jaji Warren McGraw. Fedha nyingi zilipitia kikundi chenye jina la kuwahurumia watoto. Tangazo lililobaki vichwani mwa watu halikuhusu makaa ya mawe wala mikataba. Lilimhusu kijana aliyewadhuru watoto kingono, na McGraw kulaumiwa kwa kumwachia. Benjamin akashinda, akakataa kujitoa kwenye kesi ya Massey, na mahakama ikaifuta hukumu ile ya milioni 50 kwa kura tatu kwa mbili, yake ikiwemo. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2009 ikasema hapana, alipaswa kukaa kando. Hata huko matokeo yalikuwa tano kwa nne. Yaani majaji wanne wa juu kabisa hawakuona kwamba katiba ilimlazimu kutoka.

Zamani wagombea walikuwa na kamba mdomoni. Majimbo yaliwakataza kutamka msimamo wao juu ya mambo yanayoweza kufika mbele yao. Mwaka 2002, katika shauri lililotoka Minnesota, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaikata kamba hiyo kwa kura tano kwa nne, ikisema ukishaamua majaji wachaguliwe huwezi kuwanyima uhuru wa kusema. Kilichobaki ni makatazo madogomadogo. Florida, kwa mfano, mgombea haruhusiwi kuomba mchango kwa mkono wake mwenyewe, kamati yake ndiyo inaomba. Mwaka 2015 Jaji Mkuu John Roberts aliliunga mkono katazo hilo akaandika kwamba majaji si wanasiasa, hata wanapoingia kwa njia ya sanduku la kura. Nampa heshima yake, lakini aje Wisconsin mwezi Machi.

Hapa kwetu Mahakama ya Juu ina majaji saba, kila mmoja miaka kumi, na uchaguzi ni Jumanne ya kwanza ya Aprili. Karatasi ya kura haina chama. Kila mtu anajua chama. Mwaka 2023 Janet Protasiewicz hakujificha: alisema wazi anaamini katika haki ya mwanamke kuamua kuhusu utoaji mimba, na kwamba mipaka ya majimbo ya uchaguzi imechezewa. Hakusema kesi fulani ataiamuaje, alisema hayo ni maadili yake. Akashinda kwa tofauti ya asilimia 11. Wabunge wakatishia kumwondoa kama hatajitoa kwenye kesi ya mipaka. Hakujitoa, na mwezi Desemba mahakama ikaifuta mipaka ile kwa kura nne kwa tatu.

Rafiki zangu wengi walishangilia. Mimi nilikuwa na moyo wa pande mbili, na bado niko hivyo. Kati ya mgombea anayejificha nyuma ya shefu wa polisi na anayeniambia anachoamini, wa pili ananiheshimu zaidi. Lakini nikijiweka kwenye kiti cha wakili wa upande wa pili wa kesi ile ya mipaka, ningeingia mahakamani nikijua jibu tayari. Siwezi kudai hilo ni sawa kwa kuwa tu safari hii limeangukia upande ninaoupenda.

Mwaka 2025 ndio ikawa kufuru. Susan Crawford na Brad Schimel walipambana katika uchaguzi uliogharimu, pande zote na vikundi vyote, karibu dola milioni 100. Elon Musk na vikundi vyake walimwaga zaidi ya milioni 20 kwa ajili ya Schimel. Mwenyewe akaja Green Bay, kofia ya umbo la jibini kichwani, akagawa hundi mbili za dola milioni moja moja kwa wapiga kura. Mimi jioni nyingi huwa kwa rafiki yangu anayeangalia wazee kwenye nyumba ya kulea, na TV ya pale haizimwi. Tangazo la kwanza: Crawford alimpa mnajisi kifungo kidogo. Linaisha, linafuata la pili: Schimel alipokuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo aliacha ushahidi wa wanawake waliobakwa ukikaa rafu bila kupimwa. Kisha dawa ya kisukari. Kisha Crawford tena. Bibi mmoja wa Kipolandi, karibu miaka tisini, akauliza kwa nini majaji wote wanapenda wabakaji. Hakuwa anatania. Ndicho alichokipata katika milioni 100.

Crawford alishinda kwa asilimia 10. Ukiondoa Musk, matangazo ya pande zote mbili yalimhusu mhalifu yuleyule wa kutisha. Sikuona hata moja lililosema: huyu akiletwa mtu anayemchukia, atamsikiliza.

Wapo waliokataa kabisa kucheza ngoma hii. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Iowa, majaji wote saba kwa kauli moja, iliamua kwamba sheria ya kuzuia ndoa za jinsia moja inakiuka katiba ya jimbo. Mwaka uliofuata watatu wao, Marsha Ternus, Michael Streit na David Baker, walifikiwa na zamu ya kupigiwa kura ya ndiyo au hapana. Hawakuunda kamati wala kutoa tangazo, kwa kuona jaji hapaswi kuutetea uamuzi wake kwenye TV. Wapinzani walikuwa na fedha, mabasi na matangazo. Wote watatu wakaondolewa. Kwa washauri wa kampeni hilo likawa somo, na somo lenyewe ni baya.

Mexico walidhani dawa ni kufuta matangazo. Tarehe 1 Juni 2025 walichagua majaji nchi nzima, kuanzia Mahakama ya Juu, na wagombea wakapigwa marufuku kununua muda wa TV au redio. Wakahamia TikTok. Arístides Rodrigo Guerrero alijirekodi akijilinganisha na chicharrón, ile ngozi ya nguruwe ya kukaanga ya mitaani inayosheheneshwa mboga na mchuzi, akidai yeye kasheheni kuliko hiyo. Jina likamganda, na leo ni jaji wa Mahakama ya Juu. Aliyeongoza kwa kura, Hugo Aguilar, mwanasheria wa jamii ya Wamixteco wa Oaxaca, ndiye rais wa mahakama. Waliojitokeza kupiga kura ni kama asilimia 13 tu, na vikaratasi vya kumwonyesha mtu amchague nani vilizagaa hadi vituoni.

Sisi Waafrika Mashariki tuna namna yetu ya kumtazama jaji kabla hajakaa, nayo ni ya Kenya. Tangu 2011 Tume ya Utumishi wa Mahakama huko inawahoji wanaotaka Ujaji Mkuu hadharani, TV ikirusha moja kwa moja. Willy Mutunga, hereni yake ikawa gumzo la nchi. David Maraga mwaka 2016 aliulizwa kuhusu imani yake ya Kiadventista, akasema waziwazi Jumamosi hakai mahakamani. Mwaka uliofuata, shauri la uchaguzi wa urais lilipoangukia Jumamosi, kikao kilianza jua likiwa limezama. Nayo ni tamthilia kiasi chake, na tume ina siasa zake. Ila mtu anakaa kitini saa kadhaa, anaulizwa na wanaojua sheria, wala hachagui picha ya kuonyesha.

Baada ya ibada moja mwaka jana, mama mmoja wa Uvira, jirani yangu, alinishika mkono. Mwanawe alikuwa amekamatwa akiendesha gari bila leseni. Ameshapata uraia, barua na vipeperushi vya kura vinamiminika kwake. "Ndugu," akasema, "huyu juji wa ku televizyo njo atasambisha mutoto wangu?"

Alitaka kujua kama jaji wa kwenye TV ndiye atakayesikiliza kesi ya mwanawe. Nilimwambia hapana, mama. Wale saba wa Mahakama ya Juu wako Madison, makao makuu ya jimbo, na wanachagua wenyewe kesi za kusikiliza. Kijana wako atasimama mbele ya mmoja wa majaji zaidi ya 40 wa kaunti ya Milwaukee, wenye muhula wa miaka sita, ambao majina yao wala yeye wala mimi hatujawahi kuyasikia kwenye TV. Tukakaa kwenye ngazi za kanisa tukakifungua kile kipeperushi cha mfano wa karatasi ya kura. Juu kulikuwa na kiti kilicholiliwa na mabilionea. Chini yake vilifuata viti vya majaji wa kaunti, kimoja baada ya kingine, na karibu kila kimoja kilikuwa na jina moja tu, bila mpinzani, na mstari mtupu wa kuandika jina jingine ukipenda.